Barua ya wazi kwa Halmashauri Kuu kuhusu programu huria ya sharika zetu

Kwa Baba Askofu, Katibu Mkuu, Mhazini, na wajumbe wote wa Halmashauri Kuu,

Bwana Yesu asifiwe.

YAH: MATUNZO YA PROGRAMU HURIA YA USAJILI WA WAUMINI

Nawaandikia hadharani jambo ambalo kwa miaka miwili nimelileta kwenu faraghani. Barua yangu ya kwanza iligongwa mhuri wa kupokelewa, ikaishia hapo. Ya pili ilijibiwa kwa mistari miwili: tunawashukuru kwa huduma yenu, Bwana atawalipa. Ya tatu niliipeleka kwa mkono, nikaambiwa itaingia kwenye ajenda ya kikao kijacho. Vikao viwili vimepita. Sina kinyongo na mtu yeyote ofisini. Karani aliyenipokea alinisikiliza kwa upole kuliko nilivyotarajia. Ila sasa, nikizidi kunyamaza, nitakuwa nawaficha waumini hatari iliyo juu ya taarifa zao, na hilo siliwezi.

Kwa wajumbe wapya: tunazungumzia programu inayotunza daftari la waumini. Ndani yake mna majina, tarehe za ubatizo, kipaimara na ndoa, namba za simu, ahadi, na sadaka ya kila bahasha. Humo ndimo hutoka vyeti, na humo mhazini wa usharika hupata ripoti yake ya mwezi. Watunzaji wake ni watatu, nami ni mmoja wao. Hakuna anayelipwa. Mchana tuna kazi zetu. Hii tunaifanya usiku na siku za Jumamosi.

Tuliiandika kwa ajili ya usharika mmoja. Sharika jirani zikaichukua, kwa kuwa leseni yake inaruhusu, nasi tukafurahi. Kisha ofisi yenu ikatoa waraka ulioelekeza kila usharika uitumie. Hamkutuuliza kabla ya waraka ule, na kisheria hamkulazimika kutuuliza. Lakini tangu siku ile kitu kilichokuwa cha hiari yetu kimekuwa nguzo ya ofisi zenu zote, na wanaoishikilia nguzo hiyo ni wale wale watatu. Yafuatayo ndiyo yanayotusumbua.

1. "Huria" imesomwa kama "bure"

Kiingereza kina neno moja, "free", kwa mambo haya mawili, na watu wa programu huria wamehangaika kulifafanua tangu Richard Stallman alipotangaza GNU, mradi wa kuunda mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, mwaka 1983. Sisi lugha imetusaidia: tuna huria, na tuna bure. Programu ni huria pale kila mtu anapokuwa na uhuru wa kuitumia kwa kazi yoyote, kuuchunguza msimbo wake (maandishi ya kitaalamu yanayoiunda), kuubadilisha, na kuwagawia wengine, iwe kama ilivyo au ikiwa imebadilishwa. Hayo ndiyo mliyopewa, na hayatarudishwa nyuma. Lakini hakuna mahali kwenye leseni palipoandikwa kwamba yupo mtu atakayepokea simu usiku. Kinyume chake, leseni inasema wazi kwamba programu inatolewa bila dhamana yoyote.

Mmoja wenu aliwahi kuniuliza, kwa nia njema kabisa, kwa nini bado tunaifanyia kazi ilhali "ilishakamilika". Nadhani hapo ndipo penye kutoelewana kukubwa. Benchi la kanisa likishapigwa misumari hukaa miaka arobaini. Programu hukaa juu ya vitu vingine, na vitu hivyo havitulii. Yetu imeandikwa kwa PHP, lugha ya kuandikia programu. Toleo la 7.4 la lugha hiyo liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, kwa hiyo ilitubidi kuhamia la 8. Katika toleo la 7, ukilinganisha nafasi iliyoachwa wazi na sifuri kwa alama ya kawaida ya usawa, PHP ilisema ni sawa. Katika la 8 inasema si sawa. Jambo dogo hilo. Lakini ripoti yetu ya waumini ambao hawajaanza kutimiza ahadi ililitegemea. Tulipojaribu toleo jipya, kila muumini ambaye sehemu yake ya malipo ilikuwa imeachwa wazi alitoweka kwenye orodha. Skrini haikuonyesha kosa lolote. Ripoti ilitoka safi, yenye nembo ya kanisa juu, na hesabu yake haikuwa ya kweli. Mwenzangu aliigundua kwa sababu alizihesabu bahasha za majaribio moja moja, kwa kidole, hadi saa nane za usiku.

Kazi ya kutunza programu ndiyo hiyo. Ikifanyika vizuri hakuna anayeiona, ndiyo maana naieleza.

2. Taarifa za waumini ziko wazi, na tumelisema hili mara nyingi

Hili ndilo lililonifanya niandike hadharani.

Muumini mmoja alitafuta jina lake mwenyewe kwenye intaneti. Alilikuta ndani ya faili refu, pamoja na namba yake ya simu, ahadi yake ya mwaka, na sentensi mbili ambazo mtu wa ofisini alikuwa ameandika kwenye sehemu ya "Maelezo" baada ya yeye na mume wake kwenda kwa mchungaji kwa ushauri. Faili lilikuwa nakala ya akiba ya hifadhidata nzima ya usharika wake. Fundi aliyeiweka aliiacha kwenye folda inayofunguliwa na yeyote, na mitambo ya kutafutia ikaiokota. Yule mama alitupigia sisi, kwa kuwa jina la programu yetu lilikuwa juu ya faili. Hakupiga kelele. Aliuliza ni watu wangapi wameshalisoma. Sikuwa na jibu.

Nilipiga simu usharikani siku ile ile. Nikaambiwa fundi amesafiri na hakuna mwingine mwenye nenosiri la seva. Faili lilikaa wazi siku kumi na tisa.

Hilo si kosa la fundi mmoja. Sharika nyingi ziliwekewa programu na kijana aliyekuwa akipita, akaondoka na nenosiri kichwani. Nyingine bado zinatumia nenosiri la kuanzia, lile lililoandikwa kwenye mwongozo wetu ambao dunia nzima inaweza kuusoma. Kwenye sharika kadhaa karani, mhazini na mwenyekiti wa vijana wanaingia kwa jina moja la mtumiaji, kwa hiyo takwimu ya sadaka ikibadilishwa hakuna awezaye kusema nani aliibadilisha. Na tulipogundua kwamba kisanduku cha kutafutia majina katika toleo la zamani kiliweza kupokea amri za hifadhidata badala ya jina, tulitoa kiraka, yaani marekebisho ya kuziba kasoro hiyo, ndani ya siku tatu. Mwaka umepita, na zipo sharika ambazo hazijakiweka. Kwa kuwa msimbo wetu ni huria, maelezo ya kiraka nayo yako wazi: kila anayeyasoma anajua mlango wa nyumba isiyorekebishwa uko wapi. Ndivyo ilivyo kwa programu zote huria, na dawa yake inajulikana. Kusasisha kwa wakati.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inaiweka imani ya dini ya mtu kwenye kundi moja na taarifa za afya yake, yaani taarifa zinazohitaji ulinzi wa pekee. Naitaja ili ionekane uzito wake hata mbele ya watunga sheria wasiosali nasi. Sisi tulipaswa kuujua uzito huo kabla yao. Mchungaji hasimulii mimbarani aliyoambiwa chumbani. Sehemu ya "Maelezo" inapaswa kupewa heshima hiyo hiyo. Kwa upande wetu, tumeiondoa kabisa katika toleo jipya, na tunakiri kwamba kuiweka tangu mwanzo lilikuwa kosa letu.

3. Simu za Jumapili alfajiri

Hapa nitasema kwa ufupi. Asubuhi ya Pasaka iliyopita nilipokea simu kumi na moja kabla ya ibada ya kwanza. Saba zilihusu projekta, kitu ambacho programu yetu haikihusu hata kidogo. Nyingine ilianza kwa maneno "programu yenu imetuaibisha". Sikuwahi ibada. Sitaji haya ili nihurumiwe. Nataka tu mjue kwamba tunaotumia Jumapili zetu kuzisaidia ofisi zenu nasi ni washarika, tuna roho zinazohitaji kulishwa, na wakati mwingine tunakosa chakula hicho kwa sababu hakuna aliyefungua mwongozo Ijumaa.

4. Msimbo uliobadilishwa na kufungwa

Mwaka uliopita moja ya idara zenu ilimlipa fundi aongeze sehemu ya mishahara ya wafanyakazi. Kazi nzuri, na tuliihitaji. Fundi huyo aliifuta orodha ya majina ya waandishi, akauvuruga msimbo makusudi usisomeke, akaanza kuwauzia sharika nyingine nakala.

Niseme wazi ili nisieleweke vibaya: kuuza si kosa. Leseni yetu ni GPL, moja ya leseni za programu huria, na GPL inaruhusu kuuza kwa bei yoyote. Kisichoruhusiwa ni kufuta taarifa za hakimiliki, na kumnyima msimbo unaosomeka mtu uliyempa programu. Sharika zilizonunua nakala ile sasa haziwezi kupokea viraka vyetu, na aliyewauzia hawezi kuvitengeneza. Fedha ya kanisa ilitumika kuzitenga sharika hizo na msaada. Tuliiandikia idara husika, hatukujibiwa.

5. Uchovu wa watu wachache ni tatizo la usalama

Ijumaa Kuu ya mwaka 2024, tarehe 29 Machi, mhandisi aitwaye Andres Freund aliutangazia ulimwengu kwamba ameona jambo la ajabu. Kuingia kwenye mashine zake kwa SSH, njia salama ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali, kulichelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida. Alipofuatilia, alikuta mlango wa siri umepandikizwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux (mfumo huria unaoendesha kompyuta), katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Laiti usingegunduliwa, mgeni angeweza kuingia kwenye seva nyingi sana duniani.

Jinsi ulivyopandikizwa ndiko kunakoninyima usingizi. Programu ile kwa miaka ilitunzwa hasa na mtu mmoja, kwa kujitolea. Alikuwa amechoka, na alikwisha kusema hadharani kwamba anapitia magumu ya afya ya akili. Watu wasiojulikana wakawa wanamwandikia kumlaumu kwa kuchelewa, wakimsukuma awape wengine mamlaka. Wakati huo huo akajitokeza msaidizi mwema, mvumilivu, aliyefanya kazi halali kwa muda wa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Msaidizi huyo ndiye aliyeweka mlango.

Nilipoisoma habari ile niliwatazama wenzangu. Mmoja anauguliwa nyumbani. Mwingine ameniambia waziwazi kwamba mwaka huu ndio wa mwisho. Funguo za hazina ya msimbo, yaani mahali msimbo wetu unapotunzwa mtandaoni, ninazo mimi peke yangu. Kesho akija mtu mpole, mwenye muda mwingi na sauti ya unyenyekevu, akasema "niachie nikusaidie", mimi nilivyochoka, nitampa. Na ndani ya hazina hiyo kuna njia ya kuifikia kila ofisi ya usharika iliyotii waraka wenu.

Majibu ninayoyatarajia

Mtasema hii ni huduma, na kwamba tuliopokea bure tunapaswa kutoa bure. Neno hilo liko Mathayo 10, mstari wa 8, na tumeliishi kwa miaka mingi. Tusome mistari miwili mbele. Katika mstari wa 10, ndani ya agizo lile lile, kwa wanafunzi wale wale, imesemwa kwamba mtenda kazi anastahili posho lake. Aliyesema la kwanza ndiye aliyesema la pili, wala hakuona mgongano.

Mtasema fedha hakuna. Naamini hali ni ngumu. Lakini nimesoma taarifa ya fedha mliyoisambaza, na nimeona ada ya mwaka ya huduma ya kurusha ibada mtandaoni, inayolipwa kwa kampuni bila mjadala kila inapofika tarehe. Silalamikii ada hiyo. Nasema tu kwamba fungu la vifaa vya kidijitali lipo, na sisi tumo kwenye waraka lakini hatumo kwenye fungu. Tena, mengi ninayoyaomba hapa chini hayagharimu fedha.

Mtasema mtanunua programu ya kampuni. Ni haki yenu, na huenda kwa sharika fulani ikawa ndiyo njia bora. Naomba tu muulize swali moja kabla ya kusaini: siku tukitaka kuondoka, tutatoka na daftari letu lote, katika muundo ambao programu nyingine inaweza kuusoma? Kwetu sisi kitufe hicho kipo tayari, na mkiamua kuhama tutawasaidia kuhama.

Au mtasema programu nyingine huria zipo nyingi. Zipo, na ni nzuri. OpenLP huonyesha nyimbo na maandiko kwenye kuta za makanisa mengi. Mradi wa SWORD wa CrossWire umefanya Biblia za lugha nyingi zisomeke kwenye kompyuta. Kwa kazi ya usajili ipo ChurchCRM, ambayo ilitokana na ChurchInfo, nayo ChurchInfo ilitokana na InfoCentral. Mnyororo huo wa majina unaonyesha uzuri wa leseni huria: mtunzaji mmoja akishindwa, mwingine anaruhusiwa kuinua kilichoanguka. Lakini kila mara ilibidi apatikane mtu wa kuinama. Mkihamia huko bila kubadilisha mwenendo, mtawachosha wao kama mlivyotuchosha sisi.

Mwisho, mtasema hamna wataalamu. Kupima toleo jipya kabla ya Krismasi hakuhitaji mtaalamu. Karani anayejua daftari lake anatosha, na mara nyingi ataona kosa ambalo mimi nisingeliona. Kuandika mwongozo kwa lugha inayoeleweka, kutuma picha ya skrini pamoja na maelezo ya nini kilibonyezwa kabla ya hitilafu kutokea, kumfundisha mhazini mpya: hizo zote ni kazi za kutunza programu, na watu wa kuzifanya wamejaa makanisani kwenu.

Tunachoomba

1. Jibu la maandishi kwa barua hii ndani ya siku 30, lenye sahihi ya mtu mwenye mamlaka.

2. Waraka wa pili, wenye nguvu kama ule wa kwanza, ukielekeza kila usharika uhamie toleo jipya ndani ya siku 90, ubadilishe nenosiri la kuanzia, na umpe kila mtumiaji jina lake. Usharika usioweza kuhama, mfumo wake utolewe kwenye intaneti na utumike ndani ya ofisi tu.

3. Kila usharika utaje watu wawili wanaowajibika na mfumo wake. Wawili, ili safari ya mmoja isije ikagharimu siku kumi na tisa tena.

4. Waumini ambao taarifa zao zilianikwa waambiwe na kanisa lenyewe, kwa unyenyekevu, nini kilitoka na nini kimefanyika. Yule mama bado anasubiri.

5. Fungu la kumlipa mtu mmoja siku mbili kwa wiki, likiwa na hesabu inayosomwa kama hesabu nyingine za kanisa. Sisi watatu hatudai malimbikizo, na si lazima awe mmoja wetu. Tungependa awe kijana tutakayemfundisha.

6. Idara iliyoagiza sehemu ya mishahara imtake fundi wake arudishe msimbo unaosomeka pamoja na majina ya waandishi, nasi tutauunganisha ili kila usharika ufaidike.

7. Watu wawili mnaowafahamu, mliowaona wakikua kanisani, wawe washika funguo pamoja nami.

Siku 30 zikipita bila jibu, tutazitangazia sharika zote kwamba baada ya siku 180 tangu leo hatutalihudumia tena toleo la zamani, wala kupokea simu. Hatutafunga kitu wala kufuta kitu. Msimbo utabaki wazi, na leseni itabaki ile ile. Tutatumia muda huo kuandika kila tunachokijua, ili atakayekuja asianzie gizani.

Niko tayari kuja kikaoni siku yoyote mtakayonipangia. Nitakuja na kompyuta, pamoja na orodha ya sharika ambazo mifumo yake iko wazi hadi leo. Orodha hiyo sikuiambatisha hapa, na sitampa mtu yeyote asiye mjumbe wa Halmashauri.

Wenu katika utumishi,

Mtunzaji wa programu ya usajili, kwa niaba yangu na wenzangu wawili